Mtetemeko wa Ghorofa ya Tatu

Mashine ya gemu iliingia nyumbani kwa Abdulmalik siku ya Alhamisi. Kufikia Ijumaa alasiri ilikuwa imeshavishwa.

Aliyeivisha ni mama yake, Bi Kijakazi. Hakumwuliza mtu, kwa kuwa jambo lenyewe halikuwa la kuuliza. Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa na kitambaa chake cha kufuma: redio, televisheni, friji, simu ya mezani, migongo ya viti na hata mtungi wa gesi. Bi Kijakazi alikuwa akifuma tangu usichana wake. Mvua zilipokibomoa chumba chake cha Jangwani, naye akahamia kwa mwanawe katika Mtaa wa Mchikichi, aliongeza bidii. Kitu kisicho na kitambaa, alisema, kimeingia nyumbani lakini hakijakaribishwa.

Kitambaa cha mashine kilikuwa cha kijani na njano, rangi za timu yake. Kilifunika juu, kikashuka pande zote hadi mezani, na pindo lake lilikuwa na shanga nzito ili feni ya dari isikipeperushe. Kilitiwa wanga kikasimama kama kofia ya askari. Ilikuwa kazi nzuri. Hilo halikubishwa na mtu yeyote, tangu mwanzo wa mgogoro hadi mwisho wake.

Shida ilikuwa kwamba mashine ile ilikuwa na feni ndani.

"Inavuta hewa mbele, inatoa joto nyuma," Kasmir alikuwa amemweleza Abdulmalik dukani kwake, Mtaa wa Aggrey, ambako siku hizo vitu vya Dubai vilipangwa hadi barazani. "Ikipata joto, feni inakimbia. Ikikimbia, inapiga kelele. Wewe iachie nafasi tu, kaka. Usiizibe."

Abdulmalik alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mtu wa kufuata maelekezo. Mkewe, Nasreen, alifundisha uchapaji katika kimojawapo cha vyuo vya binafsi vilivyokuwa vikifunguliwa kila mtaa, naye alikuwa mtu wa kutoa maelekezo. Wote wawili walimwelewa Kasmir. Wote wawili walikitazama kitambaa, wakatazamana, wakanyamaza.

Walikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia Abdulmalik aliondoa kitambaa cha simu, kwa kuwa kilinasa mkono wa simu kila mtu alipotaka kupokea. Bi Kijakazi alikunja kanga zake, akafunga furushi, akaketi nalo mlangoni, uso ameuelekeza kwenye ngazi. Alipoulizwa anakwenda wapi, alijibu, "Jangwani." Jangwani hapakuwa na kitu isipokuwa tope na kipande cha ukuta. Aliketi pale mpaka kitambaa cha simu kiliporudishwa.

Kwa hiyo mashine ilichezwa ikiwa imevaa. Nyaya zilipitishwa chini ya shanga. Nasreen alimfunga mumewe mabao ya kutosha, na Bi Kijakazi, aliyekaa katikati yao, alishangilia kila timu iliyovaa njano, iwe ya nani, iwe inafunga au inafungwa. Mwanzoni mashine ilivuma kama friji. Baadaye ilivuma kama kikaushio cha nywele cha saluni. Kipindi cha pili kilipoanza ilikuwa ikinguruma, na shanga za pindo zikawa zinagonga meza.

Bi Kijakazi aliweka kiganja juu ya kitambaa. "Anatetemeka," alisema.

"Ni feni, Mama."

"Najua ni feni." Alionyesha dari kwa kidevu. "Ile pale inampiga utosini. Huyu katoka Dubai, baba. Dubai ni joto. Mmemleta huku mmemlaza chini ya feni, kwa nini asitetemeke?"

Akainuka, akaizima feni ya dari.

Ilikuwa mwezi wa Februari. Tangu siku hiyo familia ilikaa sebuleni bila feni ili mashine isipate baridi. Abdulmalik alicheza kifua wazi. Nasreen alisahihisha kazi za wanafunzi akiwa na taulo shingoni, na karatasi zilimganda mkononi. Kwa kuwa chumba kilizidi joto, mashine ilizidi kunguruma. Kwa kuwa mashine ilizidi kunguruma, Bi Kijakazi alifuma kitambaa cha pili, cha uzi wa sweta, akakivisha juu ya kile cha kwanza.

Abdulmalik aliifunga mashine ndani ya mfuko akaipeleka kwa Kasmir. Kasmir aliifungua mgongo, akafagia ndani kwa brashi ya rangi, akatoa vumbi la kutosha kujaza kisosi.

"Vumbi la Kariakoo," alisema. "Hili linaingia hata kwenye yai." Aliifunga, akaiwasha palepale kaunta. Mashine ilinong'ona tu. "Unaisikia? Nzima kabisa. Nyumbani unaiweka wapi?"

"Mezani."

"Wazi?"

Abdulmalik alitazama barabarani, ambako mkokoteni wa maboksi ulikuwa umezuia gari.

"Kaka, nakuuliza. Unaiweka wazi?"

"Ina kitambaa."

"Kimoja?"

"Viwili."

Kasmir aliweka brashi chini. "Vitoe."

"Ni vya mama."

Kasmir naye alikuwa na mama. Aliirudisha mashine mfukoni taratibu, kama mtu anayekabidhi maiti kwa ndugu. "Pole sana," alisema, na hakutaka malipo ya brashi.

Mashine ilirudi, ikavishwa, ikanguruma. Nasreen, ambaye hakuamini jambo lisilojaribiwa, alifanya jaribio. Bi Kijakazi alipokwenda kuoga, aliinua vitambaa vyote viwili. Kelele ikashuka. Kandambili ziliposikika zikirudi ukumbini, alivishusha. Kelele ikapanda. Alirudia jaribio hilo kila mama mkwe alipooga, na matokeo hayakubadilika. Ushahidi ulikamilika. Hapakuwa na mahali pa kuupeleka.

Wakati huohuo kelele ilikuwa imeanza kushuka ngazi.

Wa kwanza kupanda kuifuata alikuwa Evarista, mama ntilie aliyekaa chumba cha uani na kuwapikia mafundi wa Gerezani chakula cha mchana. Alifika mlangoni na ndoo ya mahindi kichwani.

"Hodi wenye mashine!"

"Karibu, dada," alisema Nasreen.

"Mnasaga dona tu, au na kukoboa mnakoboa?"

"Hatusagi."

"Bibie, mahindi haya hapa. Masikio yangu haya hapa. Ile inayonguruma ni nini?"

"Ni mashine ya gemu. Ya kuchezea mpira kwenye televisheni."

Evarista aliinama akachungulia sebuleni. Aliona kitu kifupi kimevaa kijani na njano, kimekaa mezani, kinatetemeka. Karibu nacho mwanamume mzima alikuwa amekaa kifua wazi, jasho linamtiririka, amekamata kitu kwa mikono miwili.

"Huyo ndiye mpiga mashine?"

"Huyo mume wangu."

"Kama mnawasagia jamaa zenu tu, semeni. Msinitanie mimi." Akashuka na ndoo yake, na katika kila kituo cha ngazi alisimama akaeleza kwamba watu wa ghorofa ya tatu wana mashine ya kusaga, lakini wana ubaguzi.

Hakuna aliyemshangaa. Katika jengo lile mtu mmoja alishona sare za shule chumbani, mwingine alijaza juisi kwenye chupa katika bafu lisilotumika, na kwenye paa palikuwa na kozi ya udereva ya nadharia. Serikali ilikuwa imewaambia watu wafanye biashara, na watu walikuwa wametii.

Wa pili kupanda alikuwa Mzee Natvarlal, mwenye nyumba. Aliuza nyuzi, vifungo na zipu katika duka la chini, na aliishi na mkewe Harshida ghorofa ya pili, moja kwa moja chini ya sebule ya Abdulmalik. Miaka ya nyuma mpangaji mmoja alikuwa ameingiza mashine ya kusaga kweli, na ukuta wa upande wa barabara ukapasuka. Ufa ule ulikuwapo bado. Kila mpangaji mpya alionyeshwa ufa kwanza, kisha vyumba. Na kila mpangaji aliapa mambo mawili: hatasaga, wala hatafuga.

"Shikamoo, mzee," alisema Nasreen.

"Marahaba." Mzee Natvarlal hakumtazama. Alikuwa anatazama kizingiti. Palikuwa na unga mweupe. Aliinama kwa shida, akagusa kwa kidole, akaonja. "Muhogo," alisema.

"Ni wanga, mzee. Mama anatia vitambaa wanga."

"Na wanga unatoka kwenye nini?"

Nasreen alikuwa mwalimu mkweli. "Kwenye muhogo."

"Basi tumeelewana." Alitoa mfukoni kikombe cha stili. "Hiki kinakaa juu ya kabati langu. Mashine yenu ikianza, kinatembea. Jana kimetembea mpaka ukingoni, mke wangu kakidaka hewani. Mimi sitaki ufa wa pili. Mwisho wa mwezi kelele iwe imekwisha, au nyie muwe mmehama."

"Bwana Natu!" Bi Kijakazi aliita kutoka ndani. "Usiwagombeze watoto. Huyu ana baridi tu. Nitashuka nichukue uzi wa sweta mwingine nimwongezee."

"Rangi gani?"

"Kijani."

"Upo," alisema Mzee Natvarlal kwa upole wa dukani, kisha akakumbuka kwamba amekasirika, akashuka.

Nasreen alifunga mlango, akauegemea. Vyumba viwili karibu na soko, maji yakipanda hadi ghorofa ya tatu, havikupatikana tena kwa bei ile. Yeye na mumewe wangeweza kuhamia mbali, wakaamka na majogoo. Lakini nje ya mji hawakuwa na pa kupata zaidi ya chumba kimoja, na chumba kimoja hakiwezi kulaza mama mkwe. Wangehama, na furushi la Bi Kijakazi lingekuwa la kweli.

"Mwambie," alimnong'oneza mumewe.

"Mwambie wewe. Wewe unafundisha."

"Mama ni wako."

"Ndiyo maana siwezi."

Shauri likafika kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mzee Bushiri alikuwa mstaafu wa reli, na aliendesha vikao kama alivyoendesha treni: havikuondoka kabla ya wakati, na vikishaondoka havikusimama popote. Alikaa kwenye kiti kikubwa cha sebule ya Abdulmalik. Mzee Natvarlal alikaa kulia na kikombe chake. Evarista alikaa kushoto na sampuli ya mahindi.

"Kikao kimefunguliwa," alisema Mzee Bushiri. "Mlalamikaji?"

"Mimi," alisema Mzee Natvarlal.

"Mlalamikiwa?"

Abdulmalik aliinua mkono.

"Shusha. Wewe ni mdhamini. Mlalamikiwa ni huyo aliyevaa. Washeni nimsikie."

Abdulmalik aliwasha. Feni ya dari ilikuwa imezimwa, madirisha yamefungwa ili upepo usimfikie mgonjwa, na watu sita walikuwa wakihema katika chumba kimoja. Haikuchukua muda. Mashine ilivuma, ikanguruma, shanga zikapiga meza. Kikombe cha Mzee Natvarlal, alichokuwa amekiweka sakafuni kama ushahidi, kilianza safari kuelekea mlangoni. Wote walikisindikiza kwa macho.

"Kikao kimejionea," alisema Mzee Bushiri. "Sasa tuzungumze dawa. Kelele inatoka wapi?"

"Mle ndani," alisema Evarista.

"Ikitoka nje inapita wapi?"

"Kwenye hivyo vitambaa. Vyepesi sana."

"Basi viongezwe vizito," alisema Mzee Bushiri, na akatazama pande zote kuona kama kuna pingamizi.

Abdulmalik alifungua mdomo. Alimwona mama yake akitikisa kichwa kwa kukubali, uso umeng'aa kwa kuona kwamba hatimaye kuna watu wenye akili. Alifunga mdomo.

Bi Kijakazi alileta blanketi. Evarista alishuka akaleta gunia safi. Mzee Natvarlal, asiyetaka kuonekana bahili katika nyumba yake mwenyewe, alimwita Harshida kutoka kwenye ngazi, na Harshida akapandisha mfarishi wao wa pamba, wenye maua, uliotoka kwa bibi yake. Kila nguo ilipowekwa, sauti ilizibwa kidogo, watu wakasema "Eee," kisha mashine ikajikusanya na kunguruma kuliko kwanza. Kikombe kilitoka mlangoni. Kilisikika kikishuka ngazi, kidato kwa kidato.

"Ongezeni mto!" alisema Mzee Bushiri. Alikuwa amesimama.

Nasreen aliupokea mto. Hakujua aliupokeaje, yeye mwenye matokeo yote kichwani. Aliuweka juu kabisa.

Mashine ikanyamaza.

Ilinyamaza ghafla, katikati ya mngurumo, na picha ya televisheni ikapotea. Katika kimya kile kikombe kilisikika kikifika chini na kuzunguka mara ya mwisho.

"Haya," alisema Mzee Bushiri, akapangusa uso. "Shauri limekwisha."

Mzee Natvarlal alipeana mkono na Evarista. Harshida alisema Mungu mkubwa. Bi Kijakazi peke yake hakufurahi. Aliukaribia mlima ule wa nguo, akapenyeza mkono chini ya mto, chini ya mfarishi, chini ya gunia, mpaka ukafika. Akauchomoa haraka.

"Yallah! Huyu anaungua!"

Akajipuliza vidole.

"Kumbe ni homa! Ile baridi ilikuwa ya kuanzia tu. Si ndivyo malaria inavyoingia? Mtu anatetemeka kwanza, kisha anawaka. Toeni! Toeni vyote! Nani anamfunika mtu mwenye homa?"

Wote walitazama chini, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na nguo yake pale. Bi Kijakazi aliurusha mto, akaurusha mfarishi, akavua gunia, blanketi, uzi wa sweta, na mwisho, kwa mikono yake mwenyewe, kile cha kijani na njano. Mashine ilibaki wazi mezani, nyeusi na ndogo kuliko walivyoikumbuka.

"Nasreen, mwanangu, lete beseni la maji na kitambaa. Nimkande."

Nasreen alikuwa ameshafika mlango wa jikoni Abdulmalik alipopiga kelele.

"Usimkande! Ana umeme!"

Mama yake aligeuka.

"Hana homa, Mama," alisema Abdulmalik. "Ni joto lake mwenyewe. Anataka hewa. Vitambaa vinamziba, ndipo feni yake inakimbia, ndiyo hiyo kelele. Amejizima asiungue."

"Vitambaa vipi?"

"Vyote."

"Umejua leo?"

Nasreen, kutoka mlango wa jikoni, alimfanyia ishara ya kichwa aseme ndiyo. Mzee Bushiri alimfanyia ishara hiyohiyo. Hata Mzee Natvarlal alimfanyia.

"Hapana, Mama. Tangu siku niliyoinunua."

"Na wewe?"

"Na mimi, Mama," alisema Nasreen. "Ulipokuwa unaoga nilikuwa nafunua."

Bi Kijakazi aliketi. Aliviokota vitambaa vyake viwili, akavilaza magotini, akavinyoosha. "Kwa hiyo mmeniacha," alisema polepole. "Nimezima feni, nimewaogesha watu jasho, nafuma usiku na mchana kumziba pumzi kiumbe. Mbele ya mjumbe. Mbele ya mwenye nyumba. Na nyie mnanitazama. Mlinionaje? Yai, litapasuka?"

"Mama, ile siku ya simu..."

"Simu ilikuwa na homa?"

"Hapana."

"Simu mliivua kwa uvivu! Mgonjwa ni jambo lingine. Mtu akiniambia mgonjwa anataka hewa, mimi nimkatalie? Mimi niliyewalea?"

Akaingia chumbani na vitambaa vyake, akafunga mlango. Hakuketi kizingitini na furushi. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Mzee Natvarlal alikohoa. "Sasa huyu akiamka, atanguruma au hatanguruma?"

"Akiwa wazi, hatanguruma."

"Leo pia mlisema amenyamaza."

Mzee Bushiri alilazimika kulifufua shauri alilokuwa ameshalizika. Aliamua hivi: Jumamosi baada ya adhuhuri mashine iwashwe, ichezwe mpaka alasiri. Mlalamikaji akae chini, kwake, mbele ya kabati, akikitazama kikombe kilichojaa maji. Kikombe kikitembea, wapangaji nao watembee. Kikisimama, wakae.

Bi Kijakazi hakusema na mtu mpaka Jumamosi. Alipika, akapakua, akala chumbani. Jumamosi, adhuhuri ikikaribia, Nasreen aliporudi kutoka kununua mkate, mlango wa chumba kile ulikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Mama hakuwapo, wala vitambaa viwili, wala kanga aliyokuwa akifungia furushi.

Alishuka mbio hadi uani. "Dada Evarista, umemwona Mama?"

"Kapita zamani. Ana furushi."

"Kaenda upande gani?"

Evarista alionyesha kwa mwiko upande wa Msimbazi. Kutoka huko njia iliteremka hadi Jangwani.

Abdulmalik alikuwa amekaa mbele ya mashine iliyo wazi, kifaa cha kuchezea mkononi. Chini yake, kupitia sakafu, walimsikia Mzee Natvarlal akivuta kiti. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha. Saa ya mtihani ilikuwa imefika.

"Kaenda Jangwani," alisema Nasreen. "Mmoja abaki, awashe. Mzee anasubiri."

Abdulmalik aliutazama uso wake, akaitazama mashine. Aliweka kifaa mezani, akatafuta viatu. "Nyumba hii ni ya kumweka nani?" alisema. "Twende wote."

Waliteremka ngazi kwa kasi, wakapita mlango wa Mzee Natvarlal uliokuwa wazi. Mzee aliwaona wakipita, akainua mikono kwa mshangao, kikombe mbele yake kimejaa hadi ukingoni. Walipofika kituo cha chini waligongana na kitu kikubwa kilichokuwa kinapanda. Kilikuwa tenga la kubebea kuku, la fito zilizosukwa wazi wazi. Chini ya tenga alikuwa Bi Kijakazi.

"Mnakimbilia wapi? Saa si imefika?"

"Tulidhani umekwenda Jangwani," alisema Abdulmalik. Alikuwa hana soksi.

"Jangwani kuna nini? Nilikwenda sokoni, kwa wauza kuku. Nimepima matenga mpaka nimewachosha wale vijana. Mengine makubwa, mengine yana harufu." Alitua mzigo. Kile cha kijani na njano kilikuwa kimeshonewa juu ya tenga, kimetanuliwa, na pindo la shanga liliishia kiunoni. Chini ya hapo fito zilibaki wazi pande zote. "Chandarua unakiinua juu, hakimlalii mgonjwa usoni. Hewa inapita, na watu hawamchungulii. Mngeniambia siku ya kwanza, ningewafanyia siku ya kwanza. Shika upande huo, baba. Mzee wa watu anasubiri."

Walilibeba tenga juu, wakalisimamisha mezani juu ya mashine, nafasi ya kiganja kila upande. Abdulmalik aliwasha. Nasreen alimfunga. Bi Kijakazi alikaa katikati akiangalia njano. Kipindi cha pili kilipita, na cha mchezo uliofuata. Mashine ilivuma kwa sauti ya mtu anayepuliza uji, na shanga hazikugusa kitu.

Baada ya alasiri Mzee Natvarlal alipanda. Alibeba kikombe kwa mikono miwili. Maji yalikuwa bado ukingoni.

"Hakikutembea," alisema, kwa namna ya mtu aliyetazamia safari ikaahirishwa. "Kaeni." Kisha akaliona tenga. Pua yake ilifanya kazi kabla ya macho. Bi Kijakazi alikuwa ameliosha, lakini si mara ya kutosha. "Bi Kijakazi. Tulikubaliana hakuna kusaga, hakuna kufuga."

"Hatufugi."

"Hilo ni tenga la kuku."

"Lilikuwa."

"Na ndani kuna kitu. Nakisikia kinahema."

"Mgonjwa. Anapata nafuu."

Nyuma yake kwenye ngazi Evarista alikuwa ameshafika, na bakuli mkononi. Tenga alikuwa ameliona likipanda. "Mayai mnauzaje?" aliuliza. "Au na haya ni ya jamaa zenu tu?"

Bi Kijakazi aliinua ukingo wa tenga. Mzee Natvarlal aliinama, akatazama kwa muda mrefu ile mashine nyeusi isiyo na manyoya, yenye taa moja ndogo ya kijani.

"Hatagi?" aliuliza.

"Bado mgeni."

"Mimi mayai sili."

"Basi huna ugomvi naye, Bwana Natu. Kaa kitini. Evarista, mwanangu, kaa na wewe, uache kusimama na bakuli kama unasubiri futari." Bi Kijakazi aliwatazama wote mmoja mmoja, mwanawe asiye na soksi, mkwewe mwenye taulo shingoni, mwenye nyumba aliyekumbatia kikombe. "Lo, mlivyolowa," alisema. Akanyoosha mkono ukutani, akabonyeza swichi, na feni ya dari ikaanza kuzunguka.